Diski Moja, Vilio Vitatu: Mastaa wa Mpanda Waache Kusingizia Umeme

Kama hujapita kijiwe chochote cha Mpanda hivi karibuni, stori ya mjini ndiyo hii. Prodyuza mmoja mwenye jina kubwa, yule ambaye kila msanii chipukizi kuanzia Majimoto mpaka Mishamo anaota kurekodi kwake, amepoteza diski ya studio. Hakuibiwa. Imekufa ikiwa mezani, mbele ya macho yake, na imeondoka na kila kitu: ngoma 14 za msanii mmoja wa kike zilizokuwa zimebakiza miksi tu, matangazo ya maduka, biti za miaka sita, pamoja na video za harusi ambazo studio hiyo hiyo ilikuwa inapiga wikiendi.

Usiku ule ule msanii akaingia laivu. Kitenge kichwani, hana mekapu, machozi yanatiririka. Kufika asubuhi mji ulikuwa umeshagawanyika. Timu Msanii inasema prodyuza kauza ngoma kwa watu wa Dar na diski ni geresha. Timu Prodyuza inasema jamani, umeme ulikatika, mnataka afanye nini? Na kuna kundi la tatu, lile halikosekani kamwe, ambalo limeshamaliza upelelezi: ni mkono wa mtu.

Wote wamepiga nje ya goli. Diski ile haikuuawa na umeme wala mchawi. Iliuawa na uamuzi, na uamuzi wenyewe una mazoea ya miaka mingi kwenye studio za mikoani: kuwa na nakala moja tu ya kazi ya mtu, halafu kuifanya nakala hiyo kuwa rehani.

UMEME UMEONEWA

Ni kweli umeme ulikatika siku ile. Lakini Mpanda ni mji ambao kwa miaka mingi uliishi nje ya gridi ya taifa, ukiendeshwa na majenereta ya dizeli. Hapa mtoto wa darasa la tatu anajua kuchaji simu mapema. Kinyozi wa Kawajense ana sola. Mama wa vinywaji baridi ana barafu ya akiba. Mtu wa mwisho kushangaa umeme kukatika anapaswa kuwa mtu anayekula kwa kompyuta.

Tena diski haikufa ghafla. Ililalamika wiki nzima. Windows ilikuwa inachukua muda wa kuchemsha ugali mpaka iwake. Projekti zilikuwa zinaganda katikati ya kurekodi. Ndani ya kompyuta kulikuwa na mlio wa ka-ka-ka, na prodyuza mwenyewe aliuweka kwenye statasi ya WhatsApp na kicheko, akiandika kwamba mashine inaomba likizo. Watu wakacheka. Mashine haikuwa inatania.

Hizi diski za kizamani zina sahani zinazozunguka ndani, na juu ya sahani kuna vichwa vidogo vya kusomea vinavyoelea kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Umeme ukikata wakati kitu kinaandikwa, faili linaweza kubaki nusu. Ila diski hufa hata kwenye ofisi yenye umeme saa 24. Inazeeka kama beringi ya bodaboda: leo inalia, kesho inalia zaidi, keshokutwa unasukuma pikipiki kwa mguu.

Kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo. Unaifungua, inakupa hali ya diski kwa rangi: bluu nzima, njano tahadhari, nyekundu hatari. Ni kazi ya dakika moja. Bluu nayo siyo hati ya uzima wa milele, maana diski nyingine hufa bila kuaga, lakini diski inayopiga ka-ka-ka haihitaji mganga wala mtaalamu. Inahitaji mtu wa kuinusuru leo leo.

Kilichofuata baada ya kifo ndicho kilichomaliza kabisa. Kwanza kompyuta ikazimwa na kuwashwa mara zisizohesabika, kila mara vichwa vile vibovu vikikwaruza palepale. Kisha diski ikachomekwa kwenye laptopu ya mshkaji, Windows ikauliza kama ifomatiwe, na mshkaji kwa moyo safi kabisa akabonyeza ndiyo. Mwisho fundi mmoja wa simu akaifungua kwa bisibisi, kiangazi hiki, na vumbi hili la Mpanda. Akaichungulia, akaifunika, akasema, "Mzee, hii imeshaondoka."

Kweli ilikuwa imeondoka. Wakati mlio unaanza ilikuwa bado mgonjwa. Waliomsindikiza ndio waliomzika.

KILE KILICHOKUWA KWENYE DROO

Sasa hapa ndipo stori inapogeuka, na ndipo Timu Prodyuza inaponyamaza. Kwenye droo ya meza ile ile kulikuwa na eksteno ya TB 1, mpya, bado iko kwenye nailoni yake. Ilinunuliwa tangu mwanzo wa mwaka. Haijawahi kuchomekwa.

Uvivu? Hapana. Jamaa analala studio, anaamka studio, hakuna anayemjua anayeweza kumwita mvivu. Hela? Eksteno alikuwa nayo. Sababu yake amewaambia watu wake wa karibu mara nyingi: akishakuwa na nakala mbili, moja itatoroka.

Na hofu hiyo haikutoka hewani. Miaka kadhaa nyuma alimrekodi kijana mmoja bure, akamlisha, akamlaza kwenye godoro la studio. Kijana akaomba mafaili "akasikilize nyumbani", kesho yake akapanda basi. Ngoma ikatoka na jina la prodyuza mwingine. Ilipigwa mpaka kwenye harusi za Mpanda, na aliyeitengeneza alikuwa amesimama nyuma ya kamera akirekodi watu wanaoicheza. Ukishapitia hilo, unaelewa kwa nini mtu anafunga milango yote.

Toka siku hiyo sheria ya studio ikawa moja: asiyemaliza kulipa hapewi faili. Wateja wanadaiwa, prodyuza anashika mzigo. Kibiashara inaeleweka. Mafundi cherehani wanafanya hivyo, mafundi viatu wanafanya hivyo. Tatizo ni kwamba fundi cherehani akishika suti yako, duka likiungua anajua amepoteza suti ya mtu. Prodyuza aliunganisha mambo mawili yasiyohusiana: kumnyima mteja nakala, na kujinyima yeye mwenyewe nakala. Eksteno ile ingeweza kukaa kwenye droo yake, kwa kufuli yake, na hakuna msanii ambaye angejua. Lakini hofu ya kuibiwa ilimfanya aogope hata kivuli cha nakala ya pili.

Kiangazi kikikolea, viboko wa Mto Katuma kule hifadhini Katavi hujazana mamia kwenye dimbwi moja la tope, migongo inasuguana, wanaumana. Wanafanya hivyo kwa sababu maji yameisha na hawana pengine pa kwenda. Prodyuza alikuwa na pengine pa kwenda. Palikuwa kwenye nailoni.

MSANII NAYE ASIJIFANYE MALAIKA

Timu Msanii isianze kushangilia. Dada huyu amekaa karibu mwaka mzima akirekodi ngoma 14, na kwa mwaka mzima hakuwahi kwenda studio na flashi. Hakuomba hata miksi ya awali ya kusikiliza. Alichokuwa nacho ni vipande vya sekunde 30 alivyojirekodi kwenye simu akicheza mbele ya spika, vya kuwapandisha presha wafuasi wake TikTok. Leo vipande hivyo ndiyo albamu yake yote.

Deni alikuwa nalo. Alipoombwa aandikishiane akasema "sisi ni familia". Familia nzuri huandikishiana. Muulize yeyote aliyewahi kugawana shamba la urithi.

Hesabu yenyewe inatia aibu. Traki moja ya sauti ya dakika 4, WAV ya biti 24 na kHz 48, ni kama MB 35. Ngoma yenye traki 30 za hivyo inakaribia GB 1. Ngoma 14 ni GB 14 na ushee. Mwaka mzima wa maisha ya mtu, sauti yake, mafua yake, usiku wake wote wa kukosa usingizi, vingeingia kwenye flashi moja ya GB 32 na nafasi ikabaki. Kope za bandia alizovaa kwenye picha ya kava zimekula hela zaidi ya flashi hiyo.

BIBI HARUSI AMBAYE HAKUINGIA LAIVU

Katikati ya kelele zote hizi kuna mtu wa tatu, na yeye hana timu. Ni binti mmoja wa kawaida tu wa hapa mjini, hana wafuasi, hana tiki ya bluu. Studio ile ilipiga video ya sendofu yake. Usiku ule baba yake alishika maikrofoni akatoa nasaha. Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi, wanaomfahamu wanasema hata simu alikuwa anaongea kama anayelipia kila neno, lakini usiku ule aliongea mpaka MC akaweka karatasi zake mezani.

Miezi minne baadaye mzee akafariki.

Binti alikuwa amepewa klipu fupi tu ya dakika 4, ile ya kuposti, yenye wimbo juu yake. Kwenye klipu hiyo baba anaonekana amesimama, mdomo unafunguka, mkono unanyooka kwa bintiye, na sauti inayosikika ni ya msanii wa Bongo Fleva akiimba mapenzi. Sauti ya mzee ilikuwa kwenye video kamili. Video kamili ilikuwa imeshikwa kwa sababu kulikuwa na salio la shilingi 150,000 halijalipwa, na msiba ukala hata ile iliyokuwepo.

Akajikusanya kidogo kidogo. Siku aliyofika studio alikuwa na pesa kamili kwenye bahasha ya kaki. Alimkuta prodyuza amekaa kwenye kiti, diski iko mezani imefunguliwa kama sadolini ya rangi, na fundi anafunga begi lake. Waliokuwepo wanasema hakulia. Aliuliza tu, "Kaka, kwa hiyo hata ile sehemu ya baba?" Akajibiwa kwa kimya. Akaiweka bahasha mezani, kwa mazoea ya mtu anayelipa deni, akaanza kuondoka. Prodyuza akamkimbilia mlangoni na kumrudishia.

Hii ndiyo sehemu ya stori ambayo haijapata komenti hata moja mtandaoni. Ngoma inaweza kurekodiwa upya. Msanii yupo, sauti ipo, biti zitatengenezwa, na huenda zikawa kali zaidi. Mzee harekodiwi upya.

Kilichomwokoa binti kidogo ni bahati. Binamu yake wa Karema, kule ziwani, alikuwa amerekodi sekunde 50 za ile hotuba kwa simu yake ndogo, akacheka na picha inayotikisika, akasahau kuifuta. Sekunde 50. Inasikika zaidi kelele za sahani kuliko mzee, lakini mwishoni anasikika wazi akitaja jina la bintiye. Hiyo ndiyo bakapu pekee iliyobaki kwenye sakata zima, na aliyeitunza hakujua kwamba anaitunza.

SIYO MPANDA TU

Kabla watu wa Dar hawajaanza kuwacheka wa mikoani, wakumbuke ya kwao. Miaka ya 1960 na 1970 bendi kubwa za dansi nchini, kina NUTA Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz, zilirekodi nyimbo zao Radio Tanzania Dar es Salaam. Wanamuziki walipiga, wakapanga vyombo, wakaondoka. Kanda zikabaki redioni. Miaka ikapita, na kanda za rili hazipendi joto wala unyevu, mpaka miaka ya 2010 zikaja juhudi za kuzihamishia kwenye mfumo wa dijitali kabla hazijamezwa. Kumbukumbu ya muziki wa taifa zima ilikuwa inategemea uzima wa makabati ya jengo moja. Ni ile ile diski ya Mpanda, imevaa suti tu.

Na wazungu wenye pesa zao? Mwaka 1998 studio ya Pixar ilikuwa inatengeneza katuni ya Toy Story 2. Mtu mmoja akaendesha amri ya kufuta, wahusika wakaanza kupotea kwenye mafaili kimoja kimoja, na walipokimbilia bakapu ya kampuni wakakuta ilikuwa haifanyi kazi sawasawa. Kilichookoa jahazi ni mama mmoja, Galyn Susman, msimamizi wa ufundi wa filamu hiyo, aliyekuwa amejifungua na alikuwa na nakala nyumbani ili afanye kazi akiwa na mtoto. Kompyuta yake ikafungwa kwa mablanketi na kurudishwa studio kwa gari kama yai. Filamu ikatoka 1999.

Pixar na binamu wa Karema wameokoa kazi kwa njia moja: kuna mtu sehemu nyingine alikuwa na nakala. Tofauti ni kwamba bahati haipangiwi ratiba. Pixar walikuwa wamejenga mfumo wa bakapu na hawakuujaribu. Studio ya Mpanda ilinunua eksteno na haikuichomeka. Bakapu ambayo hujawahi kuifungua kuona kama inarudi ni imani, na imani ina mahali pake kanisani na msikitini.

KUKLONI NA BAKAPU SIYO PACHA

Toka sakata lianze, kila kijana mwenye laptopu Mpanda anaongelea "kukloni diski" kama vile ni chanjo. Ni jambo zuri, ila lieleweke.

Kukopi mafaili ni kuhamisha vyombo vya ndani. Kukloni ni kuhamisha nyumba nzima pamoja na waya, mabomba na funguo: Windows, programu za kurekodia, mipangilio yote, mpaka picha ya nyuma ya skrini. Ukichukua SSD mpya, ukaiweka kwenye kesi ya USB, ukatumia programu kama Clonezilla ambayo ni ya bure, ukamaliza na kuifunga ndani ya kompyuta, mashine inawaka kama hakuna kilichotokea, tena inakimbia zaidi. Kwa studio yenye programu nyingi za kusakinisha upya, hiyo inaokoa siku nzima mpaka tatu.

Hatari yake kubwa ni mwelekeo. Programu inauliza diski chanzo ni ipi na diski ya kupokea ni ipi, na ile ya kupokea inafutwa yote. Kuna watu wamewahi kukloni diski tupu juu ya diski iliyojaa, wakapata diski mbili tupu zinazofanana vizuri sana. Soma jina na ukubwa wa kila diski mara mbili kabla ya kubonyeza, hakikisha mpya inatosha kubeba, na laptopu iwe na chaji ya kutosha na waya juu. Na kama diski imeshaanza kulia, usianze na kloni ya saa nne. Nusuru kwanza yasiyorudi, sauti na video za watu, halafu ndiyo uwaze mengine.

Ila kloni ni picha ya siku moja. Ngoma uliyorekodi kesho yake haimo. Virusi aliyekuwemo naye amekloniwa. Na kama diski zote mbili zimelala kwenye begi moja, mwizi wa begi hajali ipi ni kloni. Kloni ni ya mashine. Kazi za watu zinahitaji bakapu ya kila wiki, na kwa studio inayofanya kazi kila siku, ya kila siku.

Mpiga picha mmoja Mmarekani, Peter Krogh, ndiye aliyesambaza kanuni ya 3-2-1: nakala 3, kwenye aina 2 za vifaa, na 1 iwe nje ya jengo. Wakulima wa hapa waliijua zamani bila namba. Mahindi ya kula yako ghalani, ya kuuza yako kwenye magunia, na mbegu imening'inizwa juu ya jiko kwenye moshi, mbali na panya. Hata njaa ikibisha hodi, mbegu haiguswi. Akiba haiozi, lakini akiba inayokaa gunia moja na chakula inaliwa.

VISINGIZIO VITATU

Cha kwanza: "Nina hifadhi ya mtandaoni." Vizuri. Akaunti ya Google inatoa GB 15 bure, zikigawanywa na barua pepe na picha zako. Ngoma 14 zingekaa kwa kubanana. Video ya harusi moja haifiki nusu. Tena tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti chini ya bahari zilipokatika, Tanzania nzima ilikumbuka kwamba mtandao nao ni waya. Na kama umeunganisha folda ili ijinakili yenyewe, ukifuta hapa inafutika na kule. Una siku 30 tu za kuiwahi kwenye kapu la takataka. Iwe nakala ya tatu, isiwe ya pekee.

Cha pili: "Nina flashi ya TB 2." Kama ameinunua kwa bei ya chipsi na mishikaki, hana TB 2. Kuna flashi zinazodanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake. Zinapokea mafaili kwa tabasamu, na yale yanayozidi uwezo wake halisi yanapotea kimya kimya. Programu ya bure ya H2testw inaijaza flashi na kuisoma tena, uongo unaanguka wenyewe.

Cha tatu: "Ikifa nitapeleka Dar." Kutoka Mpanda ni zaidi ya kilomita 1,000, na wanaofufua diski kitaalamu wanalipwa pesa ya kitaalamu bila kukuahidi chochote. Diski iliyofunguliwa kwa bisibisi vumbini wataipokea kwa huruma tu.

KUFULI BILA KUUA MTU

Linabaki swali la haki la prodyuza: atajilindaje na wasiolipa? Jibu ni rahisi kuliko ugomvi wote huu. Siku ya kurekodi mteja aje na flashi yake. Mafaili yabanwe kwa programu kama 7-Zip na yafungwe kwa pasiwedi ndefu, mteja aondoke nayo. Anayo kazi yake nyumbani, hawezi kuifungua. Akimaliza deni anatumiwa pasiwedi kwa meseji. Asipolipa, ana flashi yenye kelele tupu. Prodyuza aiandike pasiwedi kwenye daftari na sehemu nyingine moja, maana pasiwedi iliyopotea ni diski iliyokufa kwa jina lingine.

Kwa utaratibu huo kinachoshikwa rehani ni ufunguo. Nyumba haiko hatarini. Bibi harusi angekuja na bahasha yake, angetumiwa meseji yenye herufi 20, na usiku ule angemsikia baba yake mwanzo mpaka mwisho. Studio ingeweza kuungua mchana wa siku hiyo na bado angemsikia.

Na karatasi ya makubaliano iandikwe, ukurasa mmoja tu: nani anadaiwa nini, nani anatunza nakala ngapi, kwa muda gani, na nini kitatokea zikipotea. Kusajili kazi COSOTA ni jambo jema na kila msanii alifanye, lakini cheti hakiimbi.

Prodyuza amefungua studio tena. Wanaopita wanasema eksteno imetoka kwenye nailoni, iko mezani, na kwenye ukuta kuna karatasi imeandikwa kwa kalamu nyekundu: NJOO NA FLASHI. Hajaingia laivu kuomba msamaha, labda hataingia. Lakini aliwahi kwenda kwa yule binti, akachukua zile sekunde 50 za Karema, akakaa nazo siku mbili akipunguza kelele za sahani, akamrudishia bure. Akampa nakala tatu.

Haya wadau, kabla hamjarudi kwenye Timu Msanii na Timu Prodyuza: ile sauti, ile picha, ile kazi ambayo ikipotea leo hutalala, iko sehemu ngapi sasa hivi? Anayejibu "moja" aache kukomenti kwanza, akatafute flashi.